Constantin Brancusi: Sanamu na Picha Zake

Katika historia ya sanaa ya karne ya 20, jina la Constantin Brancusi hutajwa aghalabu pamoja na majina ya wale walioutoa uchongaji katika kuiga maumbile na kuuelekeza kwenye umbo lenyewe. Jambo linalosahauliwa kwa urahisi ni kwamba mchongaji huyu alikuwa pia mpiga picha, na kwamba mengi yanayosemwa juu ya sanamu zake yamejengwa juu ya picha alizozipiga kwa mkono wake. Aliacha mabamba ya kioo yanayozidi 500 na picha zilizochapwa zinazozidi 1,000. Hivyo basi, mtafiti anayezichunguza sanamu hizo hana budi kujiuliza kwanza anazitazama kwa jicho la nani.

Brancusi alizaliwa tarehe 19 Februari, 1876 katika kijiji cha Hobița, nchini Romania, karibu na milima ya Carpathia. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye utotoni alichunga kondoo. Katika sehemu hizo kuchonga mti lilikuwa jambo la kila siku: milango, nguzo za nyumba, vijiko na vyombo vya kazi vyote vilitiwa nakshi. Aliondoka nyumbani akiwa bado mtoto, akafanya kazi za utumishi mijini, na hatimaye akaingia Shule ya Sanaa na Ufundi ya Craiova, alikosoma kuanzia mwaka 1894 hadi 1898. Baada ya hapo alisoma katika Shule ya Sanaa ya Bucharest hadi mwaka 1902. Huko, akisaidiana na daktari Dimitrie Gerota, alifinyanga umbo la mtu aliyechunwa ngozi, lenye kuonyesha kila msuli mahali pake. Kazi hii yafaa ikumbukwe, kwa kuwa inathibitisha kwamba aliyekuja kuiacha sura ya nje ya vitu aliijua vilivyo.

Mwaka 1904 aliwasili Paris, baada ya safari ambayo inasemekana kwa sehemu kubwa aliifanya kwa miguu. Mwaka 1907 alifanya kazi kwa muda mfupi katika karakana ya Auguste Rodin, bingwa wa uchongaji wa zama hizo, kisha akajitoa. Aliona kuwa chini ya kivuli cha bingwa huyo hangeweza kukua. Tangu hapo aliachana na desturi ya kufinyanga udongo na kuwaachia mafundi wakatekeleze kazi katika jiwe. Akaanza kulichonga jiwe mwenyewe. Busu, iliyoanzwa mwaka huo, ni watu wawili waliokumbatiana ndani ya bonge moja la jiwe ambalo halikufichwa ujiwe wake. Zikafuata Mungu-Jike wa Sanaa Aliyelala ya mwaka 1910, ambayo ni kichwa kilicholazwa kama yai, na mfululizo mrefu wa ndege uliofikia kilele katika Ndege Angani, iliyoanza kuonekana mwaka 1923.

Uhusiano wa Brancusi na kamera ulianza mapema, lakini ulipata sura mpya alipofahamiana na Man Ray, msanii wa Kimarekani aliyefika Paris mwaka 1921. Man Ray amesimulia kwamba Brancusi alimwonyesha picha ya sanamu yake ya marumaru iliyopigwa New York na Alfred Stieglitz, mmoja wa wapiga picha mashuhuri wa wakati huo. Ilikuwa picha nzuri isiyo na dosari ya kiufundi, lakini Brancusi aliikataa kwa sababu hakuiona kazi yake ndani yake. Alishikilia kwamba ni yeye tu angeweza kuipiga picha sanamu yake. Kwa msaada wa Man Ray alinunua kamera na miguu yake mitatu, akajenga chumba cha giza katika karakana yake, akajifunza kusafisha na kuchapa picha.

Man Ray alipoonyeshwa matokeo alistaajabu. Kwa mizani ya ufundi picha zile zilikuwa mbovu: nyingine zilizidiwa na mwanga, nyingine zilififia, nyingine zilikuwa na mikwaruzo na madoa. Hapa ndipo wasomi wanapotofautiana. Wapo wanaozichukulia dosari hizo kuwa upungufu wa mtu asiye na mafunzo. Maoni hayo hayatoshi. Mtu aliyeweza kutumia miezi mingi akiisugua shaba mpaka ikawa kioo hakuwa mtu wa kuridhika na uzembe. Katika picha kadhaa za ndege zake za shaba, mwanga unaugonga uso wa chuma na kulipuka hata ukingo wa sanamu ukapotea, mtazamaji asijue umbo linaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Mpiga picha wa kawaida angeliondoa mng'ao huo, Brancusi aliutafuta. Sanamu aliyoisugua ili iuvunje uzito wake yenyewe ilihitaji picha ya namna hiyo.

Mwaka 1917 alipanga pamoja msichana wa mti, nguzo na kikombe, akaupiga picha mpangilio huo na kuupa jina la Mtoto Duniani. Picha yake alimpelekea John Quinn, mwanasheria wa New York aliyekuwa mnunuzi wake mkubwa. Baadaye vipande hivyo vilitengana, na umoja wao hauonekani tena ila katika picha. Hatua ya Kwanza, kazi ya mti ambayo wataalamu wengi huihusisha na vinyago vya Afrika ya Magharibi, ilionyeshwa katika ukumbi wa Stieglitz mwaka 1914. Brancusi aliivunja baadaye, akabakiza kichwa tu. Umbo lake zima linajulikana kutokana na picha. Vivyo hivyo nguzo aliyoichonga mwaka 1920 katika mti uliosimama kwenye bustani ya mpiga picha Edward Steichen, huko Voulangis, ilikatwa mwaka 1927. Kamera ndiyo iliyoihifadhi ikiwa imesimama.

Steichen huyohuyo ndiye aliyenunua Ndege Angani ambayo mwaka 1926 maofisa wa forodha wa Marekani walikataa kuitambua kuwa ni sanaa. Waliiweka katika fungu moja na vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, wakaitoza ushuru wa asilimia 40. Kesi iliyofuata ilizungukia swali moja: je, sanamu isiyofanana na ndege yaweza kuitwa ndege? Mahakama iliamua Novemba 1928 kwamba yaweza. Inafaa kutajwa hapa kwamba katika kamusi za zamani za Kiswahili neno sanamu hubeba maana ya mfano au sura ya kitu, pamoja na picha, na si kitu kilichochongwa pekee. Maofisa wale wangeliikubali sehemu ya kwanza ya maana hiyo. Brancusi, ambaye kwake kuchonga na kupiga picha zilikuwa kazi zilizoshikana, angeliikubali sehemu ya pili.

Mwaka 1938 alikamilisha kazi yake kubwa kuliko zote katika mji wa Târgu Jiu, karibu na kijiji alikozaliwa: Meza ya Ukimya, Lango la Busu na Nguzo Isiyo na Mwisho yenye kimo cha mita 29 hivi. Kazi hizo ziliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Miaka iliyofuata haikuleta mengi mapya. Aliishi katika karakana yake ya Impasse Ronsin, akizipanga na kuzipangua sanamu zake. Kila moja ilipouzwa aliweka nakala ya plasta mahali pake ili mpangilio usivunjike. Alipata uraia wa Ufaransa mwaka 1952, na mwaka 1956 akairithisha serikali ya nchi hiyo karakana na vyote vilivyokuwamo, kwa sharti kwamba ijengwe upya kama itakavyokuwa siku ya kufa kwake. Alifariki tarehe 16 Machi, 1957, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse.

Sharti hilo limeleta tatizo. Karakana ilijengwa upya kwa sehemu mwaka 1962, ikahamishiwa mkabala na jumba la Pompidou mwaka 1977, ikaharibiwa na mafuriko mwaka 1990, na ikafunguliwa tena mwaka 1997 katika jengo la msanifu Renzo Piano, ambamo watazamaji waliiangalia kupitia kuta za vioo. Humo kila sanamu iliwekwa pale ilipokuwa mwaka 1957. Katika picha za Brancusi, hata hivyo, sanamu hizo zinahama: kichwa kilichokuwa juu ya kitako cha mti kinaonekana baadaye juu ya jiwe, ndege anasogezwa karibu na dirisha, nguzo zinakaribiana na kuachana.