J.M. Kariuki na Barua Zilizotoka Kizuizini

Tukitajiwa jina la hayati Josiah Mwangi Kariuki, ambaye taifa zima lilimwita J.M., wengi wetu hukumbuka namna alivyouawa mwezi wa Machi 1975. Kisa hicho kinastahili kukumbukwa. Hata hivyo, leo nawaomba walimu na wanafunzi tutazame sehemu nyingine ya maisha yake ambayo haisimuliwi sana darasani: miaka saba aliyokaa kizuizini chini ya serikali ya kikoloni, na barua alizoziandika akiwa humo kupinga mateso. Maisha hayo yanatufunza kwamba mfungwa anayethubutu kusema haokolewi na ujasiri wake peke yake. Ni lazima nje ya ukuta awepo mtu wa kuipokea sauti yake na kuipeleka mbele.

J.M. alizaliwa mwaka 1929 huko Kabati-ini, karibu na Nakuru, katika nchi ya mashamba ya walowezi. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa maelfu ya Waafrika walioishi kama maskwota katika ardhi iliyotwaliwa na wageni. Shule aliianza, akaiacha kwa kukosa karo, akafanya kazi za vibarua. Mwaka 1946 bahati ilimwangukia: alishinda fedha katika mchezo wa kubahatisha wa mbio za farasi mjini Nakuru, na fedha hizo zikamrudisha darasani. Baadaye alikwenda Uganda kusoma katika shule mashuhuri ya King's College, Budo.

Alirejea Kenya mwezi wa Oktoba 1952, wakati ule ule serikali ilipotangaza hali ya hatari. Akajiunga na harakati za Mau Mau, akiwa mjumbe kati ya Eldoret na Kisumu na mkusanyaji wa fedha na viatu vya wapiganaji. Kwa hiyo sisi wakazi wa Turbo tusidhani kwamba habari zake ni za mbali. Sehemu hii ya nchi ndiyo aliyoitumikia akiwa kijana. Alikamatwa Nakuru mwishoni mwa Oktoba 1953. Hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote ili ashtakiwe na kujitetea. Alitiwa kizuizini kwa amri tu, na hakuachiliwa hadi mwaka 1960.

Katika miaka hiyo alihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine: Kowop, Langata, Manyani, kisiwa cha Saiyusi katika ziwa la Victoria, na nyinginezo. Utaratibu wa kambi hizo ulikusudiwa kumvunja mtu moyo. Mahabusu aliyekiri kiapo na kutubu alisogezwa karibu na kwao; aliyekataa alisukumwa mbali zaidi na kuteswa zaidi. J.M. alikataa. Alipigwa, alinyimwa chakula, akafungiwa peke yake katika seli.

Kifungo cha upweke, msomaji wangu, si adhabu ndogo ya nyongeza kama wengine wanavyodhani. Binadamu akinyimwa mtu wa kusema naye, huanza kupoteza hesabu ya siku, na mwishowe huanza kuitilia shaka hata akili yake. Tena seli ya upweke haina shahidi. Anayepigwa mbele ya wenzake mia ana mashahidi mia. Anayepigwa chumbani peke yake ana neno lake tu dhidi ya neno la askari. Ndiyo maana katika kila zama wakuu wa magereza wasiotaka kuulizwa maswali humweka humo, kwanza kabisa, yule aliyelalamika.

J.M. alikuwa na silaha moja ambayo wengi wa wenzake hawakuwa nayo, nayo ni elimu. Alijua kuandika, na alijua vyeo vya watu wa kuandikiwa. Aliandika malalamiko kuhusu vipigo, chakula na kazi za kulazimishwa, akiwaelekezea wakuu wa serikali mjini Nairobi na hata viongozi wa Uingereza. Kila barua iliyogunduliwa ilimletea adhabu. Lakini barua haina miguu. Zilizofika zilifika kwa sababu askari fulani, ambaye jina lake halitajwi katika kitabu chochote cha historia, alikubali kuificha karatasi na kuitia katika posta akijua kwamba angeweza kupoteza kazi yake.

Na huko zilikofika barua za mahabusu wa Kenya, walikuwapo watu waliokubali kuzisoma. Barbara Castle, mbunge wa chama cha Leba cha Uingereza, alifika Kenya mwaka 1955 kuchunguza mwenyewe, akarudi kwao na kuliuliza Bunge maswali mazito. Mwaka 1956 Eileen Fletcher, mwanamke aliyekuwa ameajiriwa na serikali katika kazi ya kuwarekebisha mahabusu, alitangaza hadharani aliyoyaona, akiwa amekwisha kuacha kazi hiyo. Mwezi wa Juni 1958 gazeti la Observer la London lilichapisha barua ya wafungwa wa Lokitaung waliolalamikia hali yao. Hapa kwetu Pio Gama Pinto alikuwa amekwisha kufanya kazi ya kuwatafutia washtakiwa mawakili na kupeleka habari zao ng'ambo, hadi naye akakamatwa mwaka 1954 na kupelekwa kisiwa cha Manda.

Najua atatokea mtu aseme kwamba mfungwa hana la kupoteza, na kwa hiyo husema uongo ili ahurumiwe. Hoja hiyo haina budi kujibiwa, maana ndiyo inayoziba masikio ya watu wengi wema. Jibu la kwanza limo katika maisha ya mahabusu wenyewe. Huko Manyani, kambi iliyojaa watu zaidi ya 10,000, mahabusu walikuwa na magazeti mawili yasiyo ya karatasi. Habari zilizothibitishwa ziliitwa Manyani Times. Uvumi uliopokewa penye seng'enge uliitwa Waya Times. Watu waliofungiwa, wenye njaa, walijiwekea kanuni ya kutenganisha habari ya kweli na porojo. Ni wangapi kati yetu tulio huru tunaofanya hivyo?

Jibu la pili ni Hola. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 waliuawa katika kambi hiyo kwa kupigwa na askari. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulipofanywa, uongo ukafichuka, na mwezi wa Julai Bunge la Uingereza likajadili aibu hiyo usiku kucha. Kumbe miaka yote mahabusu walipokuwa wakiandika kwamba wanapigwa, wao ndio waliokuwa wakisema kweli, na taarifa zenye mihuri ndizo zilizokuwa za uongo. Simaanishi kwamba kila mfungwa ni msema kweli. Namaanisha kwamba lalamiko lake lichunguzwe na mtu asiyekuwa mlinzi wake, kabla ya kutupwa.

Mwaka 1963 J.M. alitoa kitabu chake kuhusu kizuizi, kiitwacho Mau Mau Detainee, na mwaka huo huo akaingia Bungeni. Alikuwa pia katibu wa faragha wa Mzee Jomo Kenyatta, na baadaye akawa waziri mdogo. Alitajirika, akapenda farasi na michezo ya kubahatisha, hakuwa malaika. Wala hatuna haki ya kuficha kwamba serikali ya watu waliotoka kizuizini ilijipa upya, mwaka 1966, uwezo wa kumfunga mtu bila mashtaka, na kwamba J.M. alikuwa ndani ya serikali hiyo Jaramogi Oginga Odinga alipotiwa kizuizini mwaka 1969. Mateso hayamfanyi mtu kuwa mtetezi wa wengine milele. Utetezi ni kazi inayotaka kuanzwa upya kila siku.

Hata hivyo, kadiri miaka ilivyopita J.M. alizidi kusimama upande wa wanyonge, akiulaumu mpango uliowapa wachache utajiri na mamilioni umaskini. Mwaka 1974 alichaguliwa tena kwa kura nyingi. Tarehe 2 Machi 1975 alionekana kwa mara ya mwisho katika hoteli ya Hilton, Nairobi, akiwa pamoja na mkuu wa kikosi cha polisi cha GSU. Wakati maiti yake imekwisha kuokotwa katika vilima vya Ngong, Bunge liliarifiwa kwamba yuko Zambia. Mtu aliyeandika barua nyingi kuliko wenzake hakupata nafasi ya kuandika ya mwisho.

Safari hii barua yake iliandikwa na wengine. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilichunguza mauaji hayo na kutoa ripoti mwezi wa Juni. Masinde Muliro aliiunga mkono ripoti hiyo, akapoteza uwaziri. Mwezi wa Oktoba Jean-Marie Seroney wa Tinderet na Martin Shikuku wa Butere walikamatwa katika majengo ya Bunge na kutiwa kizuizini, wakaachiliwa Desemba 1978. Naye Chelagat Mutai, mbunge kijana wa Eldoret Kaskazini, eneo ambalo Turbo ilikuwa sehemu yake kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti bila woga katika Bunge lile. Mwaka 1976 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu. Wanafunzi wa Turbo wanaotafuta shujaa wa karibu wasiende mbali.

Historia hiyo haikukoma hapo. Katika miaka ya 1980 watu walifungiwa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo, wengine wakisimamishwa katika maji. Nchi iliyaamini maneno yao kikamilifu vyumba hivyo vilipofunguliwa kwa umma mwaka 2003. Nayo Uingereza ilisubiri hadi mwaka 2013 ndipo ikatangaza kusikitishwa kwake na kukubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Ukweli ulikuwa umeandikwa tangu mapema; kilichokosekana ni wasomaji wa kutosha.

Leo sheria iko wazi. Katiba ya mwaka 2010 inakataza mateso na adhabu za kikatili, na inampa mtu aliyefungwa haki zake katika kifungu cha 51. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015 zinakataza kumtenga mfungwa peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Lakini sheria nayo, kama barua, haina miguu. Mjini Eldoret, takribani kilomita 35 kutoka hapa Turbo, kuna magereza ya wanaume na ya wanawake. Waliomo ni watoto wa vijiji vyetu, na baadhi yao walipitia madarasa yetu.

Basi tufanye nini? Mzazi au ndugu anayerudi kutoka kumtembelea mfungwa, akasema kwamba kijana wake amepigwa au ametengwa, asiambiwe anyamaze ili asimponze. Asaidiwe kuandika: jina, tarehe, mahali, jeraha, na nani aliyeona. Hiyo ni kazi ambayo mwalimu yeyote anaiweza. Barua ipelekwe kwa mkuu wa gereza, kwa hakimu, na kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na nakala ibaki nyumbani. Kisha afuatiliwe mlalamikaji mwenyewe, asije akahamishiwa seli ya upweke kwa sababu ya barua ile. Mfungwa anayejulikana kuwa ana watu wanaomuulizia hupigwa kwa woga zaidi, au hapigwi kabisa.

Walimu wetu hufundisha uandishi wa barua rasmi kila muhula, na wanafunzi huandika za kuomba kazi ambazo hazitumwi kokote. Mara moja kwa mwaka, somo hilo na lifundishwe kwa mfano wa J.M.: barua ya malalamiko, yenye ukweli uliothibitishwa, kwa niaba ya mtu asiyeweza kuituma mwenyewe.