Mtu Aliyemtoa Nyangumi kwa Samaki

Muhula wa kwanza nilipata alama tisa kwa thelathini katika jaribio la Bayolojia, na aliyeniponza zaidi ni nyangumi. Tulikuwa tumepewa orodha ya wanyama wenye uti wa mgongo tuwagawe katika makundi yao matano, yaani samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Mimi nyangumi nikamtia kwa samaki na popo nikamtia kwa ndege, nikakaa nikitabasamu kama mtu aliyemaliza kazi. Kumbe! Karatasi ziliporudishwa darasa zima lilicheka hadi wengine wakashika mbavu. Lakini jamani, mimi nimelelewa na samaki. Mama huuza ngege, mbuta na omena sokoni, na kwetu kitu chochote chenye pezi kinachoishi majini ni samaki, hakuna mjadala.

Jambo lenyewe halikuishia darasani. Shangazi alikuwa ametutembelea wiki hiyo, akaiona ile karatasi yenye wino mwekundu, akamwambia mama ati karo inamwagwa mchangani, afadhali nitolewe shuleni nikajifunze kushona nguo. Mama hakujibu. Kunyamaza kwake ndiko kulikonitia baridi mwilini.

Mwalimu wetu wa Bayolojia ndiye aliyeniambia nikatafute habari za mtu aitwaye Carl Linnaeus kabla sijakata tamaa. Nilikwenda maktaba shingo upande. Nilirudi na habari hizi ninazokusimulia, msomaji.

Linnaeus alizaliwa tarehe 23 Mei mwaka wa 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa nchi ya Sweden. Babake, Nils, alikuwa kasisi aliyependa bustani kuliko kitu kingine chochote. Hata jina la ukoo lilitokana na mti. Zamani watu wa huko waliitwa kwa majina ya baba zao tu, lakini Nils alipoingia chuo kikuu alitakiwa awe na jina la ukoo, naye akachukua la mti mmoja mkubwa uliokuwa katika ardhi ya kwao. Kwa hivyo mwanawe alikulia katikati ya maua, na wazazi wakaamua kwamba atakuwa kasisi kama babake.

Shule ilimshinda. Si kwamba alikuwa mjinga, la, bali muda aliotakiwa kusoma vitabu vya dini aliutumia porini akichuma majani. Alipokaribia miaka ishirini hivi, babake alikwenda shuleni Växjö kuuliza maendeleo yake, na walimu wakamwambia wazi kwamba mtoto huyu hafai ukasisi. Inasimuliwa kwamba mzee alifikiria kumtoa akajifunze ushonaji au kutengeneza viatu. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Nikakifungua tena kusoma upya, kuhakikisha kwamba sikuota. Ushonaji!

Aliyemwokoa alikuwa daktari mmoja aliyefundisha pale shuleni, jina lake Johan Rothman. Huyu alimwambia mzee kwamba ikiwa kijana hafai kanisani basi anafaa kuwa tabibu, akajitolea kumfundisha. Mwaka wa 1727 Linnaeus aliingia Chuo Kikuu cha Lund, na mwaka uliofuata akahamia Uppsala. Huko alikiona cha mtema kuni. Viatu vyake vilitoboka akawa anatia karatasi ndani ili nyayo zisiguse chini. Mwishowe profesa mmoja, Olof Celsius, alimkuta katika bustani ya chuo, akastaajabu kwamba kijana mwenye nguo kuukuu namna ile alijua mimea mingi hivyo, akampa chakula na mahali pa kulala.

Hapo Uppsala ndipo alipokutana na Peter Artedi, na mimi naona bila Artedi hadithi hii haina utamu. Walikuwa marafiki wa chanda na pete. Waligawana viumbe vyote kama watoto wanaogawana muwa. Linnaeus akajichukulia ndege na wadudu na sehemu kubwa ya mimea, Artedi akachukua samaki pamoja na wanyama kama vyura na nyoka. Tena waliahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atamalizia kazi yake.

Mwaka wa 1732 Linnaeus alisafiri hadi Lapland, kaskazini kabisa, lakini safari hiyo ilikuwa ya mimea zaidi, nitaipita. Nataka tufike Hamburg, Ujerumani, mwaka wa 1735. Mkuu wa mji ule alikuwa na kitu cha ajabu, mnyama mkavu mwenye vichwa saba, na watu walikuwa wameahidi fedha nyingi sana kumnunua. Linnaeus alimtazama mdomoni. Akaona meno na taya za mnyama mdogo kama kicheche, miguu pia ya kicheche, na mwili uliofunikwa ngozi ya nyoka iliyobandikwa. Mnyama wa magamba hawezi kuwa na meno ya mamalia, basi! Alitangaza kwamba ni bandia, bei ikaanguka, naye akashauriwa aondoke mjini upesi kabla wenye mali hawajamtia adabuni. Hili ndilo lililonifundisha uainishaji kuliko madaftari yangu yote: hutazami mnyama anafanana na nini kwa mbali, bali unatazama meno, damu, ngozi, anavyopumua na anavyozaa.

Alikuwa njiani kwenda Uholanzi kuchukua shahada ya udaktari. Mwaka huohuo, mjini Leiden, alichapisha kitabu chake Systema Naturae. Usidhani kilikuwa kinene. Zilikuwa kurasa chache tu, ila kubwa kama meza. Aliwagawa wanyama wote katika makundi sita: wenye miguu minne, ndege, amfibia, samaki, wadudu na minyoo. Na nyangumi je? Aliwaweka kwa samaki! Artedi naye katika maandishi yake aliwaweka hukohuko. Niliruka pale kwenye kiti hadi msimamizi wa maktaba akanikazia macho.

Furaha yao haikudumu. Usiku mmoja wa Septemba mwaka huohuo wa 1735, Artedi alikuwa akirudi nyumbani kutoka karamuni mjini Amsterdam, akatumbukia katika mfereji wa maji gizani, akafa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini. Mtu aliyewajua samaki wote wa vitabuni alikufa maji. Mwenye nyumba alizizuia karatasi zake kwa sababu ya deni la kodi, na tajiri mmoja aliyekuwa mfadhili wa Linnaeus, George Clifford, akalipa. Linnaeus alitimiza ahadi. Kitabu cha Artedi juu ya samaki kilitoka mwaka wa 1738.

Alirudi Sweden, akaoa mwaka wa 1739, na mwaka wa 1741 akawa profesa Uppsala, mahali pale alipotembea na karatasi viatuni. Kila mara alikuwa akikipanua kitabu chake. Toleo la kumi lilipotoka mwaka wa 1758, sehemu ya wanyama peke yake ilipita kurasa 800, na humo ndimo alimomtoa nyangumi. Aliandika kwamba ana moyo wenye vyumba na damu moto, anapumua kwa mapafu, na ananyonyesha. Kundi zima akalipa jina la Mamalia, ambalo latokana na neno la Kilatini la titi. Kwa hiyo lilimchukua miaka 23 kusahihisha kosa ambalo mimi nilisahihishiwa kwa siku nne.

Tena makosa mengine yalibaki. Popo alimtia kundi moja na nyani na binadamu. Kifaru alimweka pamoja na panya na sungura kwa kuangalia meno, na nyoka, mamba na vyura wote aliwarundika katika amfibia, wanyama ambao aliwachukia waziwazi. Waliokuja baadaye ndio waliotenga reptilia, na Mfaransa Lamarck ndiye aliyetenganisha wenye uti wa mgongo na wasio nao. Ningependa sana kujua Linnaeus angefanya nini na kamongo wa ziwa letu, samaki mwenye mapafu anayejizika matopeni wakati wa kiangazi. Lakini mpango wa kumpa kila mnyama majina mawili, la kwanza la jamaa yake na la pili lake mwenyewe, ni wa kitabu hicho cha 1758, nasi tunautumia hadi leo.

Sasa nifike penye mwiba. Kitabu hichohicho kilimpa binadamu jina la Homo sapiens, kisha kikawagawa watu kwa mabara, na juu ya Mwafrika kikaandika kwamba ni mvivu na mjanja na hatawaliwi na sheria. Linnaeus hakuwahi kukanyaga Afrika. Mtu aliyemchungulia kicheche mdomoni asidanganywe, alipofika kwetu aliamini porojo za watu! Niliposoma habari hizi katika mkutano wa chama chetu, kulizuka vita vya maneno. Wengine walisema mtu kama huyo hastahili hata nusu ukurasa wa gazeti letu. Katibu alisema tuandike sifa zake tu kwa kuwa tunasoma mpango wake darasani. Mimi nilikasirika, na bado nimekasirika, lakini nilikataa yote mawili. Nikiliacha hilo nje nitakuwa nimebandika ngozi ya nyoka juu ya kicheche. Tulipiga kura, nikashinda kwa kura tatu.

Wanafunzi wake aliwatuma pembe zote za dunia kukusanya viumbe, na kadhaa hawakurudi. Wa kwanza, Tärnström, alifariki mwaka wa 1746 akielekea Uchina, mjane wake akamlaumu Linnaeus, na baada ya hapo profesa akapendelea kutuma vijana wasiooa. Forsskål naye alikufa Yemen mwaka wa 1763. Yeye mwenyewe alipatwa na kiharusi mwaka wa 1774, akaanza kusahau mambo, na tarehe 10 Januari 1778 akafariki. Alizikwa katika kanisa kuu la Uppsala.

Mwanawe alipokufa mwaka wa 1783, mjane wa Linnaeus aliuza mkusanyiko wote kwa Mwingereza kijana aitwaye James Edward Smith, ukapelekwa London. Mpaka leo uko huko. Ndani yake kuna samaki waliopasuliwa katikati, wakakaushwa, ngozi ya upande mmoja ikabandikwa kwenye karatasi kama jani. Nilimsimulia mama jioni moja akipanga omena katika karai. Kuhusu ushonaji hakusema kitu, ila kesho yake alinipa pesa za kununua kitabu cha Bayolojia. Siku ile alitaka kujua jambo moja tu, kama samaki wale walitiwa chumvi, maana miaka zaidi ya mia mbili si mchezo.