Waiyaki wa Hinga: Mzee Aliyezikwa Ugenini

Msafiri atokaye Waithaka akashika njia ya Uthiru ili ateremke mjini Nairobi, huingia katika barabara kuu iliyopewa jina la Waiyaki. Maelfu ya watu huipita kila siku, lakini ni wachache wanaojiuliza mwenye jina hilo amelala wapi. Hakulala Waithaka, wala Kabete, wala popote katika nchi ya Wakikuyu. Amelala Kibwezi, Ukambani, kiasi cha kilomita 200 kutoka kwao, kando ya njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikiteremka Mombasa.

Waiyaki wa Hinga alikuwa mzee mwenye mali na usemi katika Ukikuyu wa kusini, sehemu za Dagoretti na Kabete. Nchi hiyo ilipakana na Wamasai, na yasemwa kwamba nasaba yake mwenyewe ilichanganyika na damu ya Kimasai. Si ajabu, kwani watu wa mpakani walipigana leo, kesho wakaozana. Misafara iliyotoka pwani ilipenda kutua hapo kununua viazi, maharagwe na mtama kabla ya kuikabili nyika. Mwaka 1887 walipopita Teleki wa Hungaria na mwenzake von Höhnel, Waiyaki alikuwa miongoni mwa wazee waliowapokea kwa wema.

Mwezi wa Oktoba 1890 akaja Kapteni Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akiwa safarini kwenda Uganda. Yeye na Waiyaki walichanjiana, wakawa ndugu wa damu. Kwa watu wa zamani, wa bara na wa pwani, hilo halikuwa jambo la mchezo. Ndugu wa kuchanjiana humlinda mwenziwe, humlisha, na akifa humsitiri. Kwa udugu huo ikajengwa ngome Dagoretti, na Lugard akaenda zake Uganda, akamwacha George Wilson kuishika.

Chakula kilipopungua, watu wa ngome wakaingia mashambani mwa wenyeji kuchukua bila kulipa, na wanawake hawakusalimika. Hapa sisi watu wa pwani hatuna pa kujificha, kwa kuwa wengi wa askari na wapagazi wa Kampuni walitoka Unguja na Mrima. Wakikuyu wakaamka, Wilson akaikimbia ngome mwaka 1891, nayo ikateketezwa kwa moto. Kampuni ikarudi na kujenga nyingine upande wa Kabete, iliyoitwa Fort Smith, karibu mno na boma la Waiyaki.

Mkuu wa ngome hiyo mwaka 1892 alikuwa Purkiss. Agosti ya mwaka huo alituma watu kwenda kukiadhibu kijiji kimoja, wakakuta wenyeji wamekwisha kuonywa, naye akamshuku Waiyaki. Jioni moja mzee akaingia ngomeni. Habari za usiku ule tumeachiwa na Wazungu peke yao, na mwenye kalamu hujipendelea. Wao waliandika kwamba alikuwa amelewa akachomoa upanga. Lililo wazi ni kwamba alinyang'anywa upanga wake, akapigwa nao kichwani, akafungwa minyororo kwenye mlingoti wa bendera mpaka asubuhi. Wakamhukumu wao wenyewe kupelekwa pwani, mbali na watu wake. Kapteni Macdonald, aliyekuwa akipima njia ya reli toka Mombasa hadi Ziwa Victoria, alikuwa akirudi pwani siku hizo, basi akamchukua mfungwa katika msafara wake.

Pwani hakufika. Kwa mzee mwenye jeraha kichwani, safari ile ya miguu katika jua la Ukambani ilikuwa hukumu ya pili. Mwanzoni mwa Septemba 1892, walipofika Kibwezi, ambako Waskoti walikuwa wamefungua misheni mwaka uliotangulia, Waiyaki akafariki, akazikwa huko huko.

Huko kwao hawakuipokea habari hiyo kama ilivyoletwa. Ilienea, na hata leo wengi wanaishika, kwamba Waiyaki alizikwa angali hai, kichwa chini miguu juu. Wanahistoria hawakupata ushahidi wa jambo hilo, na mimi si mtu wa kuukata mzozo. Ila naona chanzo chake. Watoto wa Waiyaki walimwona baba yao akiondoka na minyororo, kisha wakaambiwa amekufa. Maiti hawakuiona, hawakuiosha jicho kwa kuiangalia, hawakushika jembe. Mtu asiyeonyeshwa maiti ya wake ataamini lolote, na mara nyingi ataamini lililo baya zaidi, maana hakuna wa kumthibitishia kinyume.

Msomaji wa pwani huenda akauliza kwa nini jambo hili liwe zito hivyo. Sisi Waislamu mtu akifia ugenini husaliwa na kuzikwa huko huko, tena upesi, na ardhi yote ni ya Mungu. Lakini zamani za Waiyaki, Mkikuyu wa kawaida hakuzikwa hata kidogo. Maiti ilikuwa na unajisi mkubwa, basi ikaachwa porini. Waliozikwa ni wazee wenye mali na watoto, na waliofukia ni wana wao wa kuwazaa. Kaburi lilikuwa heshima ya kuchumiwa maisha mazima. Tena lilikuwa shahidi wa ardhi, kwa kuwa wajukuu waliweza kulionyesha na kudai githaka, yaani shamba la ukoo. Waiyaki alikuwa amekwisha kuichuma heshima hiyo. Waliomteremsha mpaka Kibwezi walimnyima, na ardhi aliyoiacha ikawa inamegwa huku shahidi wake hayupo. Nyimbo za wapigania ardhi katika miaka ya 1950 zilimtaja kama mtu wa jana.

Purkiss naye, haukupita muda mrefu, akaugua akiwa safarini kwenda pwani, akafia pale pale Kibwezi. La ajabu zaidi ni ile misheni. Mwaka 1898 Waskoti walihama Kibwezi wakapandisha bara, wakatua Dagoretti, kisha wakatulia Thogoto, mwendo mfupi kutoka Waithaka. Vitabu, dawa na mizigo yao vilipata wapagazi wa kuvipandisha katika njia ile ile. Mifupa ya mzee haikupata.

Wengine walisubiri wakapata. Fuvu la Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, lilitajwa hata katika mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Dedan Kimathi hakupata bahati hiyo. Alinyongwa Kamiti Februari 1957, akafukiwa gerezani pasipo alama.

Ukoo wa Waiyaki ulikuja kukutana tena na suala la maiti na kwao ni wapi. Desemba 1986 wakili S. M. Otieno, Mjaluo, alifariki Nairobi. Mjane wake, Wambui, kitukuu cha Waiyaki, alitaka kumzika Matasia, upande wa Ngong, katika shamba walilokuwa nalo. Ukoo wa mume, Umira Kager, ukasema Mjaluo huzikwa kwa baba zake, Nyalgunga, Siaya. Maiti ikangoja karibu miezi mitano huku Kenya nzima ikifuata kesi magazetini. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ushindi ukoo, na tarehe 23 ya mwezi huo Otieno akazikwa Nyalgunga mbele ya umati mkubwa. Wambui hakwenda mazikoni.