Hugh Glass: Aliyeachwa afe, akarudi na kusamehe

WENGI waliotazama filamu ya The Revenant ya mwaka wa 2015, iliyompa Leonardo DiCaprio tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, wanamkumbuka Hugh Glass kama mja aliyesukumwa na kiu ya kisasi.

Historia, hata hivyo, inasimulia mengine.

Mwindaji huyo alijiunga mwaka wa 1823 na kikosi cha mfanyabiashara William Ashley, kilichopanda Mto Missouri nchini Marekani kusaka wanyama wenye manyoya ya thamani. Mwezi Juni, wapiganaji wa jamii ya Arikara walikivamia na kuua zaidi ya watu kumi. Glass alijeruhiwa mguuni, lakini ndiye aliyeshika kalamu kumwandikia baba ya kijana mmoja aliyeuawa barua ya tanzia.

Masaibu makubwa yalimfika Agosti, karibu na Mto Grand katika eneo ambalo leo ni jimbo la South Dakota. Alikumbana na dubu jike mwenye watoto, akararuliwa vibaya. Wenzake walimuua mnyama huyo, ila hawakutarajia kwamba majeruhi angeliona jua la siku ya pili.

Kiongozi wao, Andrew Henry, aliogopa kukawia katika nchi ya maadui. Aliahidi malipo kwa watu wawili ambao wangebaki na Glass hadi akate roho, kisha wamzike. Waliojitolea ni John Fitzgerald na kijana ambaye wanahistoria wengi wanaamini alikuwa Jim Bridger.

Siku zilipita na Glass hakufa. Wawili hao wakamtoroka, wakachukua bunduki na kisu chake, na kuwaambia wenzao kwamba walikuwa wamemzika.

Glass alianza kutambaa. Alikula mizizi na matunda ya mwituni, na inasimuliwa kwamba aliwanyang'anya mbwamwitu mzoga wa ndama wa nyati. Wenyeji wa asili waliokutana naye walimsaidia. Baada ya wiki kadhaa na mwendo wa zaidi ya kilomita 300, aliwasili katika kituo cha biashara cha Fort Kiowa.

Alipopata nguvu, aliwafuata waliomsaliti. Alimkuta kijana yule, akamsamehe kwa sababu ya umri wake mdogo. Fitzgerald alimpata mwaka wa 1824 katika ngome ya Fort Atkinson, akiwa ameingia jeshini. Kumuua askari kungalimgharimu uhai wake mwenyewe. Alirejeshewa bunduki yake, akaenda zake.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Mnamo 1833, Glass aliuawa na Waarikara karibu na Mto Yellowstone.

Filamu ilimbunia mwana aliyeuawa mbele ya macho yake, ili watazamaji waone sababu ya damu kulipwa kwa damu. Glass wa kweli hakumlilia mwana wa kubuniwa. Kuhusu safari yake ya kutambaa hakuacha hata mstari mmoja. Maandishi yake yanayojulikana ni ile barua ya kumpa pole mzazi aliyefiwa na mwanawe.