Dedan Kimathi: Alikosa karo, leo jina lake limo kwenye shahada

Kilomita chache kutoka mjini Nyeri, kando ya barabara ya kuelekea Mweiga, vijana husomea biashara, ununuzi na ugavi katika chuo kikuu chenye jina la mtu ambaye hakumaliza masomo yake kwa kukosa karo. Wengi wa vijana hao humfahamu Dedan Kimathi kwa picha moja tu: mtu mwenye nywele ndefu zilizosokotwa, amelazwa kwenye machela, mikono ikiwa katika pingu. Picha hiyo ilipigwa mnamo Oktoba 1956, baada ya kukamatwa kwake. Yasiyokumbukwa sana ni kwamba kabla ya kuingia msituni mtu huyo alikuwa mwalimu na karani, na kwamba hata huko msituni hakuiacha kalamu.

Kimathi wa Waciuri alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 katika lokesheni ya Thegenge, Tetu, wilayani Nyeri. Babaye alikuwa amekwisha kufariki, naye akalelewa na mamaye, Waibuthi, katika boma la wake watatu. Aliingia shule ya Karuna-ini akiwa na umri wa miaka kama kumi na mitano, umri ambao mtoto wa leo yu katika shule ya upili. Karo ilipokosekana aliokota mbegu za miti na kuziuzia idara ya misitu. Kwa njia hiyo alifika hadi Tumutumu, shule ya wamishonari wa Kanisa la Scotland karibu na Karatina, ambako alisifika kwa midahalo na kwa ufasaha wa lugha ya Kiingereza. Hata hivyo mbegu hazikutosha. Masomo yakakatika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alijiandikisha jeshini, asikae sana akaachishwa. Baada ya hapo alishika kazi za namna nyingi, zikiwemo za ualimu na ukarani, kisha akajiunga na chama cha Kenya African Union. Huko Ol Kalou na Thomson's Falls, mji unaoitwa Nyahururu siku hizi, alikuwa katibu wa tawi la chama hicho. Kazi ya katibu ni kuandika, kutunza orodha na kutoa hesabu, na ndiyo kazi aliyoiendeleza maishani mwake mwote.

Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, chimbuko la mgogoro lilijulikana na kila mkulima wa Nyeri. Ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa walowezi. Kahawa, zao lililoleta fedha, Mwafrika wa Mkoa wa Kati hakuruhusiwa kuipanda kwa uhuru mpaka miaka ya 1950. Kimathi aliingia katika msitu wa Nyandarua, na kufikia Agosti 1953, katika mkutano mkubwa wa Mwathe, viongozi wa msituni waliunda Baraza la Ulinzi la Kenya, yeye akiwa mkuu wake. Mapema mwaka 1954 likafuata Bunge la Kenya, naye akafanywa Waziri Mkuu wake. Wapo waliocheka waliposikia kwamba watu waliolala chini ya mianzi, wakinyeshewa na mvua ya baridi, wana bunge. Kimathi hakuliona kuwa jambo la mzaha hata kidogo.

Ni hapa ambapo Othaya inaingia katika habari hii. Katibu wake mkuu, Karari Njama, alikuwa mwalimu wa shule kutoka Mahiga, Othaya, aliyepata kusoma Alliance. Kitabu alichokiandika pamoja na Mmarekani Donald Barnett, kikachapishwa mwaka 1966, kinaeleza jinsi Kimathi alivyotaka kila kambi iwe na madaftari: majina ya wapiganaji, mashambulizi yaliyofanywa, mali iliyoingia na iliyotoka, na waliokufa. Alitarajia kuwa siku ya uhuru patakuwa na hesabu ya kutolewa, na kwamba familia ya aliyeanguka haiwezi kudai haki yake ikiwa jina la marehemu halimo katika daftari lolote. Kwa maoni yetu, huyu ndiye Kimathi ambaye hakutendewa haki na hadithi za risasi na ngozi ya chui.

Lakini daftari hilo hilo lilizua uhasama. Stanley Mathenge, kiongozi aliyeheshimiwa sana na wapiganaji, hakuwa mtu wa kusoma, na wenziwe waliona kwamba wasomi wachache wanajitwalia vyeo kwa nguvu ya kalamu. Wakaunda kundi lao, Kenya Riigi. Mwaka 1955 upande wa Mathenge ulipozungumza na serikali juu ya kusalimu amri, mpasuko ukawa wazi. Kimathi naye alizidi kushuku watu, akaadhibu vikali, na wapo wapiganaji waliouawa kwa hukumu zake. Katika vijiji vya Nyeri kuna familia ambazo hazikuliimba jina lake, na si zote zilizokuwa za vibaraka wa mkoloni.

Mnamo 1956 serikali ilikuwa imechimba handaki refu kati ya msitu na vijiji ili kuwanyima wapiganaji chakula. Afisa wa polisi, Ian Henderson, aliwatumia wapiganaji wa zamani kumsaka Kimathi usiku na mchana. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi ya mguu na polisi wa kikabila ukingoni mwa msitu, akakamatwa. Alishtakiwa mjini Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kosa la kumiliki bastola, akahukumiwa kifo mwezi wa Novemba, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Alizikwa humo humo, pasipo alama. Kumbukumbu za kesi yake, zilizodhaniwa kupotea, zilichapishwa kitabuni mwaka 2017 chini ya uhariri wa Julie MacArthur.

Miaka ile ile ya vita, kijana mwingine wa Nyeri, Mwai Kibaki wa kijiji cha Gatuyaini, Othaya, alikuwa Makerere akisomea uchumi. Wawili hao walipishana kwa miaka kumi na mmoja tu ya umri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikoa ilishindana kujenga vyuo vya ufundi kwa harambee. Kakamega walikuwa na WECO, Kisumu wakawa na Ramogi, na wananchi wa Nyeri mwaka 1972 wakaanzisha chao, wakakiita Kimathi. Tendo hilo halikuwa dogo: Mau Mau ilikuwa bado imepigwa marufuku kisheria, marufuku iliyoondolewa na serikali ya Kibaki mwaka 2003. Mwaka 2007, mwaka uliofunguliwa na Kibaki kuzindua sanamu ya Kimathi jijini Nairobi tarehe 18 Februari, taasisi hiyo ilifanywa chuo kikuu kishirikishi chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Tarehe 14 Desemba 2012, Rais huyo huyo aliipa hati ya kuwa chuo kikuu kamili cha teknolojia.

Sifa za chuo hicho zimejengwa juu ya uhandisi, na hilo lina haki yake. Hata hivyo Shule ya Usimamizi wa Biashara na Uchumi imekuwa mlango kwa vijana wengi ambao wazazi wao ni wakulima wa chai na kahawa. Hutoa shahada ya biashara, ya usimamizi wa biashara, na ya ununuzi na ugavi, pamoja na shahada ya uzamili. Somo la ugavi si geni mahali hapa. Mkulima wa Othaya hupeleka buni kwenye kiwanda cha ushirika, kisha husubiri kwa miezi kadhaa apate kujua kilo moja imelipwa shilingi ngapi, na katikati ya kiwanda na mnada kuna makato ambayo watu wachache wanaweza kuyaeleza. Mhitimu ajuaye kusoma hesabu za chama cha ushirika, na kuzihoji katika mkutano mkuu, ana kazi ya kumtosha hapo hapo nyumbani.

Chuo chenyewe kina shamba lake la kahawa, na huikaanga na kuiuza kwa jina lake.

Mukami Kimathi, mjane wa Dedan, aliziomba serikali zilizofuatana zimtafutie mabaki ya mumewe ayazike. Alifariki Mei 2023 na kuzikwa Njabini, Nyandarua. Kaburi la Kamiti lilikuwa halijapatikana.