Ndugu Yako Akiwa na Neno Juu Yako

Soma: Mathayo 5:23, 24; Waefeso 4:31, 32.

Msafiri anayepanda kutoka Karatu, akishapita lango la Lodoare na kufika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, huona kando ya barabara mnara wa mawe. Hapo amezikwa Mjerumani Michael Grzimek, na baba yake, Dakta Bernhard Grzimek.

Bernhard alizaliwa mwaka 1909, akawa daktari wa mifugo, na tangu 1945 akaongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt. Baba na mwana walijifunza urubani, wakaja Tanganyika na ndege iliyopakwa mistari ya punda milia, ili wawahesabu wanyama wa Serengeti. Januari 10, 1959, Michael akiwa peke yake angani, ndege iligongana na tumbusi, ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Uchungu usio na wa kulaumiwa hutafuta pa kuangukia. Baba huyo angeweza kuichukia nchi iliyommeza mwanawe. Badala yake alimaliza kitabu na filamu waliyoianza pamoja, filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960, naye akaendelea kuichangishia Serengeti fedha miaka mingi. Alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa Ngorongoro.

Wasimulizi wengi huishia hapo. Lakini mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia sahihi kuiacha Serengeti, na serikali ya kikoloni ikawahamishia upande wa Ngorongoro. Grzimek hakuitoa amri hiyo, na ni haki kulisema. Hata hivyo alifundisha waziwazi kwamba binadamu, hata mwenyeji, asiishi ndani ya hifadhi, na sauti yake ilisikika mbali kuliko ya mchungaji yeyote wa ng'ombe. Upendo wake kwa wanyama ulikuwa na gharama, na waliolipa ni wengine.

Katika Waefeso, Paulo anasema na mtu mwenye uchungu moyoni. Katika Mathayo, Yesu anamgeukia mwingine: huyu pengine hana kinyongo na mtu yeyote, anakwenda madhabahuni kwa amani, ila ndugu yake ana neno juu yake. Moyo wa namna hiyo ni rahisi kudhani hauna deni.

Jadilini: Mzee aliyehamishwa Serengeti akiwa kijana, je, anaweza kusamehe asipoombwa msamaha? Na akisamehe, bado anaweza kuulizia malisho yake?