Ira Bowen na mwanga wa kijani usio na mwenyewe

Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins alielekeza darubini kwenye nebula moja, yaani wingu la gesi lililo mbali sana angani, akaupitisha mwanga wake kwenye prizimu. Aliona mistari michache tu, na ule mkali zaidi ulikuwa wa kijani. Hakuna elementi iliyojulikana duniani iliyotoa mwanga kama huo. Baadaye ikabuniwa elementi mpya, ikaitwa nebuliamu. Si ajabu, hata heliamu ilionekana kwanza kwenye Jua, ikapatikana duniani mwaka 1895. Lakini sisi tunaosoma falsafa tunajua kwamba kukipa kitu jina si kukijua. Swali lilibaki wazi zaidi ya miaka 60.

Aliyelijibu ni Ira Bowen, Mmarekani aliyezaliwa 1898 huko Seneca Falls, New York, mtoto wa mchungaji. Baba yake alifariki Ira akiwa bado mdogo. Alisoma Oberlin, kisha Chicago, na 1921 akamfuata Profesa Robert Millikan huko Pasadena, California. Humo maabara alipima mwanga wa atomu zilizonyang'anywa elektroni.

Usiku mmoja wa 1927, amerudi nyumbani na anavua nguo alale, akajiuliza: atomu ikikwama kwenye hali ya nishati isiyo rahisi kuitoka, itakuwaje? Hapa duniani, hata ndani ya chupa iliyonyonywa hewa, itagongwa kabla haijaangaza, na nishati yake itapotelea kwenye mgongano huo. Ndani ya nebula gesi ni nyembamba mno. Atomu inaweza kungoja zaidi ya nusu dakika bila kuguswa, kisha ikatoa mwanga. Akarudi maabara usiku uleule. Akapiga hesabu kwa vipimo alivyokuwa navyo, na namba zikaangukia palepale kwenye mistari ya kijani. Nebuliamu ilikuwa oksijeni, hii hii tunayovuta, iliyopoteza elektroni mbili.

Migongano hiyohiyo ndiyo inayoiwasha, maana elektroni zinazopita huigonga na kuipandisha nishati. Ndiyo maana waliomfuata, kama Michael Seaton wa London, walitumia miaka kukokotoa migongano hiyo hutokea kwa wingi gani. Kwa tarakimu zao, mwanga wa nebula ukaweza kusomwa kama kipimajoto: nyingi zina takriban nyuzi 10,000.

Bowen mwenyewe aliongoza vituo vya Mount Wilson na Palomar, penye darubini ya kioo cha mita 5, hadi 1964. Alifariki mwaka 1973.